Shukrani ya Punda

Mazungumzo ya asubuhi redioni

Masomo: Kutoka 23:5 na 12, Hesabu 22:21-34, Isaya 46:1-4

Popote ulipo asubuhi hii, ukiwa jikoni unawasha moto, au dukani unafungua mlango, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibu. Tukae pamoja kwa dakika hizi chache, tulisikilize Neno la Mungu.

Leo nataka twende pamoja Matondoni. Kijiji hiki kiko katika kisiwa cha Lamu, upande wa magharibi, mbali na zogo la mji wenyewe. Sifa yake tangu zamani ni mafundi wa vyombo vya baharini. Ukifika ufukoni waweza kukuta jahazi limeinuliwa juu ya magogo, mkuku umenyooka, mataruma yamesimama kama mbavu. Fundi mmoja ameshika tezo, mwenziwe anatia kalafati ili maji yasipenye kati ya mbao. Barazani kina mama wanasuka ukili, na mikononi mwao mkeka unarefuka kidogo kidogo huku mazungumzo yakiendelea. Ni watu wa kazi, wenye adabu na ukarimu. Wengi wao ni Waislamu, na sisi Wakristo tunaopita huko tumekaribishwa kwa salamu njema na maji ya kunywa.

Sasa tuulize swali dogo. Mawe ya kujengea nyumba yamefikaje pale katikati ya kijiji? Mchanga je? Saruji, boriti, makuti, nazi za shambani? Katika kisiwa kile kilichojaa mchanga na vichochoro, kwa vizazi vingi jibu limekuwa moja: punda. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una njia nyembamba ambazo gari haliwezi kupita. Kila ukuta wa mawe ya matumbawe unaouona pale umepita juu ya mgongo wa punda kabla haujasimama. Walio nao humtundikia shogi pande mbili za mgongo, wakajaza, wakamwambia twende. Naye huenda.

Lakini tumemlipa nini? Tuna methali mbili juu ya mnyama huyu, nanyi nyote mnazijua. Ya kwanza husema: Shukrani ya punda ni mateke. Ya pili husema: Punda afe, mzigo ufike. Ndugu msikilizaji, ziweke methali hizi mbili pamoja, uzitazame. Ile ya kwanza inamshitaki punda kuwa hana shukrani. Ile ya pili inaeleza sisi tumemtendea nini. Mimi naona kesi hii imehukumiwa kabla ya mshitakiwa kusikilizwa.

Basi leo na tumsikilize.

Tumfikirie punda mmoja. Simtaji mwenyewe, kwa sababu punda huyu ni mfano tu, na wenyewe wa namna hiyo ni wengi, kisiwani na bara. Amebeba mizigo tangu alipokuwa kijana. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, naye mara nyingi amebeba zaidi ya mmoja. Kamba imemkata nyuma, na mgongoni pana kidonda ambacho hakikupata nafasi ya kupona, kwa maana kila asubuhi shogi hurudi mahali pale pale. Punda ana tabia moja ambayo wataalamu wa mifugo wanaijua vema: huficha maumivu yake. Ng'ombe atalia, mbwa atalalamika, lakini punda atasimama kimya hata ukamdhani mzima. Kwa hiyo wengi hawajui kwamba anaumwa mpaka siku aangukapo.

Siku hiyo ikifika, mwenyewe hufanya hesabu. Huyu habebi tena. Kumlisha ni gharama. Na siku hizi pikipiki zimeingia kisiwani, mzigo mwingine waenda kwa bodaboda. Kwa hiyo hamuuzi wala hamchinji, humwachilia tu. Hamfungi tena, hamwiti jioni, hampi pumba. Punda huzunguka penye majalala, akila maganda pamoja na mifuko ya plastiki, na ile mifuko humziba matumbo hata kumwua kwa maumivu. Watu hupita. Watoto humtupia mawe. Kila mmoja asema moyoni, “Ana mwenyewe.” Mwenyewe naye asema, “Nimekwisha kumwachilia.” Hivyo kiumbe aliyekuwa wa lazima kwa watu wote, sasa si wa mtu yeyote.

Wapenzi, Biblia imemwona punda huyu. Fungueni Hesabu sura ya 22. Balaamu amepanda punda wake, anakwenda mahali ambapo Mungu hakupendezwa aende. Malaika amesimama njiani na upanga mkononi. Balaamu, mtu maarufu wa maono, hamwoni. Punda anamwona. Mara ya kwanza anaingia shambani, anapigwa. Mara ya pili anajibana ukutani, anapigwa. Mara ya tatu hana pa kugeukia, analala chini, anapigwa kwa fimbo. Ndipo Bwana anamfungua kinywa, naye anauliza swali ambalo kila mwenye mnyama, tena kila mwenye mtumishi, angefaa kulisikia. Anamwuliza bwana wake kama yeye si punda wake yule yule, aliyempanda siku zote mpaka leo. Je, amepata kumtenda hivi hata siku moja? Balaamu hana la kujibu ila, “La.”

Angalieni sana. Punda hakusema habari za dini. Hakutoa unabii. Alikumbusha utumishi wake tu. Na malaika naye, neno lake la kwanza kwa Balaamu halikuwa juu ya safari. Aliuliza kwanza: kwa nini umempiga punda wako mara tatu? Kisha akamwambia kwamba kama punda asingegeuka, yeye Balaamu angeuawa, na punda angeachwa hai. Kumbe kile alichokiona Balaamu kuwa ukaidi kilikuwa wokovu wake.

Sasa twende Kutoka sura ya 23. Hapa Mungu anawapa Israeli sheria. Anasema ukimwona punda wa mtu akuchukiaye ameanguka chini ya mzigo wake, usipite ukamwacha. Sharti umsaidie mwenyewe kumwinua. Ndugu, hii si sheria nyepesi. Kumsaidia punda wa rafiki ni rahisi. Lakini huyu ni punda wa mtu akuchukiaye, yule mliyegombania mpaka wa shamba, yule asiyekujibu salamu. Mzigo wake umeanguka njiani, na moyo wako unasema, “Vizuri, na ajionee.” Mungu anasema, simama.

Na sababu ni nini? Kwanza, punda hana ugomvi na mtu. Yeye hajui mpaka wa shamba. Haifai aumie kwa chuki yetu. Pili, punda aliyeanguka na mzigo hainuliwi na mtu mmoja. Lazima mmoja ashike huku, mwingine ashike kule. Watu wawili ambao hawakusemezana kwa miaka sasa wanashika kamba moja, mmoja anasema, “Inua,” mwingine anajibu, “Haya.” Mzigo wa punda umewapatanisha. Pale ambapo Mkristo na Mwislamu, mwenyeji na mgeni, wanaishi mlango kwa mlango, sheria hii ina kazi kubwa. Huenda hatutakubaliana katika mambo yote ya imani. Lakini punda akianguka kichochoroni, hakuna haja ya kuulizana dini kabla ya kumshika.

Tena katika sura ile ile, mstari wa 12, Mungu anaamuru mapumziko ya siku ya saba, na miongoni mwa sababu anazozitaja ni kwamba ng'ombe na punda wapate kupumzika. Sikiliza jambo hilo. Sabato tuliyodhani ni ya kanisani tu, punda naye ana fungu lake ndani yake.

Jambo la kumwinua punda aliyeachwa si hadithi tu. Mama mmoja Mwingereza, Elisabeth Svendsen, alikuwa ameanzisha shirika la kutunza punda huko kwao Uingereza mwaka 1969. Baadaye alifika Lamu akawaona punda wa kisiwa kile, na vidonda vyao. Mwaka 1987 kikafunguliwa kituo mjini Lamu cha kuwatibu bila malipo. Punda wenye vidonda walisafishwa, wenye minyoo walipewa dawa, na wale wazee wasiokuwa na mtu walipata mahali pa kukaa. Yalifanywa hata mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, na mwenyewe akapewa zawadi mbele ya watu. Zamani sifa ya mwenye punda ilikuwa wingi wa mizigo. Sasa ikawa pia unene wa punda na mgongo usio na kidonda. Mtoto aliyempeleka punda wa baba yake kushindana alijifunza siku ile jambo ambalo fimbo haiwezi kumfundisha.

Na hatari haijaisha. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa katika nchi yetu ya Kenya, ngozi zikapelekwa China kutengenezewa dawa. Punda wakawa wanaibwa usiku, na asubuhi mwenyewe anakuta ngozi haipo, mzoga umelala kichakani. Mama aliyekuwa akichota maji kwa punda akarudi kubeba mtungi kichwani. Mwaka 2020 Serikali ilipiga marufuku kazi hiyo. Mwaka uliofuata mahakama ikaitangua amri ile. Mnamo Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi. Ndipo wengi walipotambua kwamba mnyama waliyemdharau ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba.

Labda msikilizaji mmoja anasema, “Punda nakubali. Punda ni mali. Lakini je, huruma hii ina mwisho? Je, hata panya?”

Swali zuri, na jibu lake litakushangaza. Ziko nchi za ng'ambo ambako watu hufuga panya nyumbani kama sisi tufugavyo paka. Wengine wakichoka humwacha ndani ya boksi kando ya njia. Na wako watu ambao wakimkuta humchukua, humpa maji, humtunza mpaka afe, naye panya wa namna hiyo maisha yake hayazidi sana miaka miwili au mitatu. Sisi tukisikia hayo twacheka. Panya kwetu ni mwizi wa mahindi, na katika jahazi ni mtoboaji wa magunia. Simlaumu mtu anayelinda ghala lake.

Lakini njoo Morogoro, Tanzania. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao aliitwa Magawa. Alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, nchi ambayo vita viliisha lakini mabomu yalibaki mashambani, yakikata miguu ya wakulima na watoto. Magawa alikuwa na uzito wa kilo moja na kidogo, kwa hiyo alipita juu ya bomu bila kulilipua. Akinusa baruti, alikwaruza udongo, na watu wakaja kuliondoa. Alionyesha zaidi ya mabomu na zana za mlipuko 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza la kutunza wanyama. Na wenziwe huko Tanzania hunusa makohozi ya wagonjwa, wakatambua kifua kikuu ambacho kilipita bila kuonekana katika maabara.

Lakini sikilizeni mwisho wake, kwa maana hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Mwaka 2021 Magawa alizeeka, akawa mzito wa mwendo. Hakutupwa. Walimstaafisha. Alikaa katika banda lake, akapewa ndizi na karanga, akacheza, akalala. Alikufa Januari 2022, ana umri wa miaka minane. Panya, wasikilizaji! Panya alipata uzee wenye heshima.

Sasa nauliza, na kila mmoja ajibu ndani ya moyo wake. Wako wapi wazee wetu?

Yuko baba aliyejenga vyombo ujana wake wote. Sasa macho hayaoni msumari, mkono unatetemeka juu ya tezo. Watoto wako Mombasa na Nairobi. Simu hawapigi, kwa maana kila wakipiga wanadhani ataomba fedha. Yuko mama aliyesuka mikeka, akasomesha watoto kwa mikeka ile, na sasa analala juu ya mkeka uliochanika. Yuko msichana wa kazi aliyelea watoto wa watu miaka kumi, akaugua, akapewa nauli ya kurudi kwao. Hatukuwafukuza. Tumewaachilia tu, kama yule punda. Kila mmoja asema, “Ana ndugu zake.” Nao wakituuliza, swali lao ni lile la punda wa Balaamu: je, si mimi niliyekubeba siku zote mpaka leo?

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi kwamba punda ni sawa na mama yako. Katika Luka sura ya 13, Bwana Yesu aliwakemea watu waliomfungua ng'ombe au punda siku ya sabato ili kumnywesha maji, lakini wakakasirika mwanamke aliyepindana miaka 18 alipofunguliwa. Ziko nyumba ambazo mbwa hula nyama, na mlinzi wa usiku hulala njaa. Hilo nalo ni dhambi. Lakini Bwana hakuwaambia waache kumnywesha punda. Aliwaonyesha kwamba mkono ule ule unaofungua kamba ya mnyama ndio ungepaswa kufungua kifungo cha mwanadamu. Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mtu mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Huruma haigawanyiki vipande. Mtoto anayempiga punda aliyeanguka anajizoeza. Akikua atakuwa na fimbo kwa wengine.

Na sasa neno kwa wewe usikilizaye ukiwa umeachwa. Pengine wewe mwenyewe ndiwe yule punda. Ulibeba, ulibeba, na siku ulipoanguka wakachukua mzigo wakaenda. Nakuomba usome Isaya sura ya 46. Nabii anatuonyesha picha ya ajabu. Miungu ya Babeli inahamishwa, imepakiwa juu ya wanyama, na wanyama wamechoka, wameinama chini ya mzigo wa miungu ile. Halafu Mungu wa Israeli anasema kwamba yeye si wa namna hiyo. Yeye ndiye abebaye. Amewachukua watu wake tangu tumboni mwa mama, na hata uzeeni, hata nywele zikiwa nyeupe, yeye ni yule yule, atabeba, ataokoa.

Ndiyo tofauti, ndugu yangu. Miungu ya uongo humpandia mtu mgongoni. Fedha humpandia, sifa humpandia, naye akichoka humwachilia. Mungu wa kweli hushuka chini ya mzigo. Na alipokuja Yerusalemu kama Mfalme hakuchagua farasi wa vita. Alichagua punda, mnyama wa wabebao. Siku chache baadaye alibeba mwenyewe msalaba. Kwa hiyo usiseme hakuna ajuaye uzito ulio juu yako.

Basi wiki hii tufanye nini? Ni mambo madogo tu. Mwenye punda, mvue shogi umtazame mgongo. Ukikuta kidonda, kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, usikichome kwa chuma cha moto, umpumzishe mpaka apone, na umwite bwana mifugo. Mpe maji kabla hujanywa chai yako. Mwenye duka, usitupe mifuko ya plastiki mahali anapokula. Mwalimu, waambie watoto wasimrushie mawe aliyeachwa. Na kila mmoja wetu amkumbuke mzee mmoja, aende kwake au ampigie simu, asiulize anahitaji nini, bali amwambie, “Nakumbuka ulichonitendea.” Mzee akisikia hivyo atajua hajaachiliwa.

Methali yasema shukrani ya punda ni mateke. Na tuombe kwamba shukrani ya Mkristo isiwe hivyo.

Tuombe. Ee Baba, uliyewaumba wakubwa na wadogo, wenye kusema na wasioweza kusema, utusamehe kwa migongo tuliyoijeruhi na kwa wale tuliowaachilia walipochoka. Utupe macho ya kuona maumivu yaliyofichwa kimya. Uwabariki watu wa Matondoni, mafundi na wasukaji, na kila jirani tusiyesali naye pamoja. Uwabebe leo wazee wetu, wagonjwa wetu, na kila aliyebaki peke yake njiani. Kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyetubeba sisi. Amina.